Uzi: Sentensi tatu kwenye kaburi la Kazantzakis, je, ni kukata tamaa au ni uhuru?

#1 Mwalimu_Korogwe

Salaam wanajukwaa. Naomba tujadili jambo ambalo nimeshindwa kulimaliza peke yangu.

Nikos Kazantzakis alizaliwa Heraklion, kisiwani Krete, tarehe 18 Februari 1883, akafariki Freiburg, Ujerumani, tarehe 26 Oktoba 1957. Ameacha riwaya, tamthilia, masimulizi ya safari, tafsiri, na utenzi wa mistari 33,333, unaoendeleza safari za shujaa Odiseo pale mshairi wa kale Homeri alipoziacha. Juu ya kaburi lake, hata hivyo, zimechongwa sentensi tatu fupi tu, ambazo nimezitafsiri hivi: «Sitarajii chochote. Siogopi chochote. Niko huru.»

Riwaya yake ya Zorba niliipata zamani, wakati Mgiriki mmoja aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge karibu na shule niliyokuwa nikifundisha alipofunga virago na kutugawia walimu vitabu vyake. Mchwa walikuwa wameshakula pembe za jalada, na kwenye ukurasa mtupu wa mwisho kulikuwa na hesabu za marobota ya katani zilizoandikwa kwa penseli. Nilikipenda kitabu kile. Lakini mwaka jana nilipokuwa nikimuuguza mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, kila aliyekuja kutupa pole aliniambia nisikate tamaa, na usiku nikiwa peke yangu zilinijia zile sentensi tatu. Ya kwanza ilinikera sana. Mtu aliyemtafuta Mungu maisha yake yote anawezaje kuandikiwa kwamba hatarajii kitu?

Swali langu ni hili: sentensi ile imetoka wapi, na maana yake ni nini hasa?

#2 Kalamu_ya_Makorora

Pole sana, Mwalimu, kwa msiba wa mama.

Kwa maoni yangu jibu ni Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani. Kazantzakis alisoma sheria Athene, akamaliza mwaka 1906, kisha mwaka 1907 akaenda Paris kusikiliza mihadhara ya mwanafalsafa Henri Bergson. Tasnifu yake ya mwaka 1909 ilihusu falsafa ya Nietzsche juu ya haki na dola. Kwa Nietzsche aliona kwamba tumaini la malipo baada ya kufa humfanya mtu kuwa kama kibarua anayefanya kazi huku macho yake yakiwa kwenye bahasha ya mshahara. Kwa Bergson alipata wazo la msukumo wa uhai, nguvu inayopanda kutoka kwenye mmea hadi kwa mnyama na kutoka kwa mnyama hadi kwa mwanadamu, bila kufika kituoni. Ukiyaweka mawazo hayo mawili pamoja, sentensi ya kwanza inajieleza yenyewe: anayepanda hatarajii kituo, kwa sababu kituo hakipo.

#3 Mpenda_Riwaya

Ninachokumbuka mimi ni kwamba Kanisa lilimtenga, likakataa azikwe makaburini, ndiyo maana akazikwa juu ya ukuta wa mji. Sentensi zile ni jibu lake kwa maaskofu. Tena mwaka huohuo alikosa Tuzo ya Nobel kwa kura moja tu, ikaenda kwa mwandishi Mfaransa Albert Camus. Mtu aliyefanyiwa hayo yote atarajie nini tena?

#4 Binti_Saadani

Ndugu Mpenda_Riwaya, samahani, kuna mambo ya kurekebisha hapo.

Sentensi zile hazikutungwa mwaka 1957. Zinatokana na kitabu chake kidogo cha falsafa kiitwacho Askitiki, yaani mazoezi ya kiroho, alichoanza kukiandika Vienna na Berlin kati ya mwaka 1922 na 1923, kikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1927. Humo anataja majukumu matatu ya mtu anayejiandaa kwa safari ya roho. La kwanza ni akili ikubali mipaka yake. La pili ni moyo uikatae mipaka hiyo na kuendelea kupapatika. La tatu ni kujinasua na tumaini lenyewe, ambalo analiita jaribu kubwa kuliko yote, liwe lile la akili kwamba itaelewa au lile la moyo kwamba utafika. Ni katika jukumu hilo la tatu ndipo anaposema hatarajii, haogopi, amejinasua na akili pamoja na moyo, na yuko huru. Kwa hiyo maaskofu wa mwaka 1957 hawahusiki. Aliishi na wazo hilo zaidi ya miaka thelathini.

Na wazo lenyewe ni la kale kuliko yeye. Katika karne ya 2, mwandishi Lusiano aliandika maisha ya mwanafalsafa mmoja aitwaye Demonaksi, ambaye alisema kwamba aliye huru ni yule asiyetarajia wala kuogopa kitu. Ndugu Kalamu, Nietzsche umempa sifa iliyopaswa kwenda kwa Mgiriki mwenzake Kazantzakis.

#5 Kalamu_ya_Makorora

Nimekubali kuhusu Demonaksi, na ninashukuru kwa kunirekebisha. Hata hivyo, ukisoma kitu cha kale ukiwa umeshapita kwa Nietzsche, unakisoma kwa macho mengine. Hilo silitoi.

#6 Baharia_Pireas

Nimefanya kazi za meli na baadaye za bandari hapa Ugiriki kwa muda mrefu, na kaburi hilo nimelifikia kwa miguu, hivyo nieleze nilichokiona.

Mji wa Heraklion umezungukwa na kuta nene za Waveneti. Unapanda hadi kwenye ngome ya Martinengo, upande wa kusini, na huko juu unakuta mawe makubwa yasiyo na nakshi, msalaba wa miti miwili myembamba iliyounganishwa, na jiwe la maandishi. Herufi zimechongwa kwa kufuata mwandiko wake mwenyewe, si herufi za mafundi wa makaburi. Upepo unavuma muda wote. Mbele unaona mlima Juktas, ambao wenyeji wanasema umbo lake ni uso wa mzee aliyelala chali akitazama mbingu. Siku niliyokwenda, watoto walikuwa wakicheza mpira chini ya ukuta, na kelele zao zilikuwa zikifika pale juu vizuri kabisa.

Nilipofika niliona ule msalaba kabla ya maandishi. Mkana Mungu hawekewi msalaba mrefu kiasi kile. Na anayemcha Mungu haandikiwi maneno yale. Nilisimama pale nikashindwa kuamua, na hadi leo sijaamua.

#7 Msomaji_Riruta

Amani kwenu. Mimi ni Morthodoksi wa Kenya, na suala la kutengwa linarudiwa kila mahali kana kwamba limethibitishwa, kwa hiyo naomba nilifafanue.

Kanisa Katoliki liliiweka riwaya yake ya Jaribu la Mwisho, inayomhusu Kristo, katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1954. Hilo ni kweli. Yeye alijibu kwa telegramu yenye maneno ya Kilatini ya Tertuliano, mwandishi wa Kanisa la kale, akisema anakata rufaa kwenye mahakama ya Bwana. Katika Ugiriki, maaskofu wa Sinodi ya Athene walimshambulia na kutaka hatua zichukuliwe dhidi yake. Lakini Kanisa la Krete haliko chini ya Sinodi ya Athene, liko chini ya Patriarki wa Konstantinopoli, na Patriarki hakutoa tamko la kumtenga. Kwa hiyo hakuwahi kutengwa rasmi. Mwili wake ulipofika Athene, ni kweli kwamba askofu mkuu wa huko hakuruhusu uwekwe kanisani. Ulipofika Heraklion, uliingizwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Minas na ibada ikafanyika, ndipo akapelekwa ukutani tarehe 5 Novemba 1957. Wako wanaosema ukuta ulichaguliwa kwa sababu makaburi yalikataliwa, na wako wanaosema mji ulimpa mwanawe mahali pa juu kuliko pote. Wakrete wenyewe hubishana.

Sasa kuhusu sentensi ya kwanza. Ndugu zangu mnamsoma kama mwanafalsafa wa vyuo vya Paris, lakini yeye alilelewa katika maisha ya watakatifu. Mwaka 1914 alizunguka monasteri za mlima Athos pamoja na mshairi Angelos Sikelianos. Jina kamili la riwaya ya Zorba kwa Kigiriki ni «Maisha na Mwenendo wa Alexis Zorba», na hivyo ndivyo vinavyoitwa vitabu vya watakatifu kwetu. Amemchukua mchimba madini mlevi mwenye kupenda wanawake, akamwandikia kitabu chenye jina la kitabu cha mtakatifu. Anayesoma tafsiri ya kwanza ya Kiingereza hilo halioni. Na miongoni mwa mababa wa jangwani wapo waliofundisha kwamba usisali ili matakwa yako yatimizwe, bali mapenzi ya Mungu. Kutotarajia, kwao, si kumkana Mungu, ni kuacha kufanya naye biashara.

#8 Mpenda_Riwaya

Nimeelimika, asanteni. Nobel je?

#9 Binti_Saadani

Nobel ya mwaka 1957 ilikwenda kwa Camus, hiyo ni kweli, na Kazantzakis alimpelekea Camus telegramu ya pongezi akiwa mgonjwa hospitalini. Camus naye baadaye alimwandikia mjane Eleni kwamba marehemu alistahili tuzo ile mara mia kuliko yeye. Lakini Akademi ya Uswidi haitangazi hesabu za kura, kwa hiyo hiyo «kura moja» tuiache pale ilipo.

#10 Mjukuu_wa_Bi_Mkubwa

Nimewasoma wote kwa utulivu. Mmekwenda Paris, mmekwenda Athos, mmekwenda hadi karne ya 2, lakini nyumbani kwao hamjapita.

Krete ya utoto wake ilikuwa chini ya Waturuki. Baba yake, Michalis, alikuwa mtu wa maneno machache aliyeogopwa na mtaa mzima, na ndiye anayeonekana katika riwaya ya Kapteni Michalis ya mwaka 1953. Katika Taarifa kwa Greco, kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1961, Kazantzakis anasimulia usiku ambao familia ilijifungia ndani wakati wa mauaji mjini, na baba akiwa na silaha nyuma ya mlango akawaambia mkewe na watoto kwamba Waturuki wakivunja mlango, atawachinja yeye mwenyewe kabla hawajaangukia mikononi mwao. Asubuhi yake akamshika mtoto mkono, akampeleka penye mti ambako watu walikuwa wamenyongwa, akamlazimisha awabusu miguu. Mtoto akauliza ni nani aliyewaua. Baba akajibu kwamba ni uhuru.

Someni tena jibu hilo. Hakusema wameuawa na Waturuki. Mtoto aliyejifunza neno uhuru huku midomo yake ikiwa kwenye mguu wa maiti, mnataka aje aandike nini kaburini? Hakuhitaji Nietzsche. Nietzsche alimpa msamiati tu.

Ghasia zilipozuka tena mwaka 1897, familia ilikimbilia kisiwa cha Naxos, na huko alisoma shule ya mapadre Wafaransa. Hapo ndipo Ulaya ilipoanza kuingia ndani yake, ikamkuta Mkrete aliyekwisha kuumbwa.

#11 Kalamu_ya_Makorora

Hoja nzuri sana, mjukuu wa Bi Mkubwa, na ninakiri imenitikisa. Ila tukumbuke kwamba Taarifa kwa Greco si kumbukumbu za mahakamani. Ni mzee aliyekaribia kufa akiyapanga maisha yake upya ili yafanane na falsafa yake. Huenda tukio ndilo lililozaa falsafa, na huenda falsafa ndiyo iliyolichonga tukio.

#12 Asha_wa_Vitabu

Wakuu, naomba niingize swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Niko huru, amesema. Uhuru huo ni wa nani?

Katika Zorba yuko mjane wa kijiji. Kijana mmoja anajiua kwa kumpenda, na kijiji kinamtupia mjane lawama. Siku za Pasaka, uani mwa kanisa, wanaume wanamzingira na kumuua, na baada ya hapo masimulizi yanaendelea na safari yake. Tena yuko yule bibi Mfaransa mwenye nyumba ya wageni, ambaye wanakijiji wanaanza kubeba vyombo vyake hata kabla roho haijamtoka. Anasikia wakifukuza kuku wake. Hao wanawake wawili walitarajia mambo madogo kabisa: mmoja kuishi, mwingine kuolewa. Kutotarajia kitu ni anasa ya mtu ambaye tayari amehakikishiwa vitu vingi.

Hata katika maisha ya Kazantzakis mwenyewe ndivyo ilivyokuwa. Mke wake wa kwanza, Galatea, waliyeoana mwaka 1911 na kuachana mwaka 1926, alikuwa mwandishi kwa haki yake mwenyewe, lakini ni wangapi hapa wamewahi kulisikia jina lake? Eleni aliishi naye tangu miaka ya 1920, wakaoana mwaka 1945, na ndiye aliyempigia chapa maandishi yake, akavumilia naye njaa, akaandika maisha yake baada ya kufa. Yeye alitarajia kila asubuhi kwamba Eleni yupo.

Ninampenda mwandishi huyu, ndiyo maana nimeandika kwa uchungu.

#13 Msomaji_Riruta

Dada Asha, kuhusu mjane nakubaliana nawe kwamba kurasa zile zinauma. Ila nadhani mwandishi alitaka ziume. Anayeshindwa pale ni msimuliaji, yule bwana wa vitabu, ambaye anatazama tu. Zorba ndiye anayejitupa katikati ya wale wanaume kumwokoa, akashindwa.

#14 Asha_wa_Vitabu

Akashindwa, kisha siku zikapita wakala pamoja na kunywa pamoja. Siwezi kulisahau hilo.

#15 Mkoloni_Mbaya_wa_Zamani

Hamjagusa siasa. Mwaka 1919 serikali ya waziri mkuu Venizelos ilimtuma kusimamia kurudishwa kwa Wagiriki wapatao 150,000 waliokwama Kaukazi. Aliona meli zilizojaa watu wenye njaa. Mwaka 1922 jeshi la Ugiriki likashindwa Asia Ndogo na wakimbizi wakamiminika, na ni mwaka huohuo ndipo alipoanza Askitiki. Baadaye akaitumainia Urusi ya Kisovieti, akaizunguka mara kadhaa kati ya mwaka 1925 na 1930, hamu yake ikapoa. Mwaka 1945 akawa waziri kwa muda mfupi, akajiuzulu. Mimi naona mtu ambaye kila tumaini alilolishika lilimkatikia mkononi, hadi akaamua kutoshika jingine. Ni jeraha lililovikwa falsafa.

Na kwa wale wapenzi wa senema: dansi ile ya mwisho katika filamu ya Zorba ya mwaka 1964 si ya kale, ilitungiwa filamu. Najua wapo humu waliowahi kuicheza kwenye harusi wakidhani ni ya enzi za Homeri.

#16 Baharia_Pireas

Nimejiona hapo kwenye harusi, mkuu. Na nyongeza: Zorba alikuwa mtu wa kweli, ila jina lake lilikuwa Giorgis, si Alexis, na mgodi wao wa makaa ulikuwa Mani, bara, miaka ya 1916 na 1917, si Krete. Huyo Zorba alifuatana naye hadi Kaukazi katika kazi aliyoitaja mkuu hapo juu. Alifariki mwaka 1941, na mwaka huohuo Kazantzakis, akiwa kisiwani Aegina chini ya uvamizi wa Wajerumani na njaa kubwa, akaanza kuandika. Kwa hiyo kitabu tunachokiita cha furaha ni kitabu cha matanga.

#17 Mwalimu_Korogwe

Sikujua hilo la matanga. Nimelisoma mara tatu.

Ninawashukuru nyote. Naomba sasa turudi kwenye neno, maana huenda kosa ni langu. Kwa Kigiriki ni «elpizo», na nimeambiwa neno hilo lina tumaini na tarajio ndani yake kwa pamoja. Sisi tumeyatenganisha. Kutaraji ni kukisubiri kitu kana kwamba unakidai. Kutumaini ni kumwegemea mtu hata kitu chenyewe kisipokuja. Nikisema «sitarajii chochote», sauti yangu ni ya mtu aliyefunga daftari la madeni. Nikisema «situmaini chochote», ni ya mtu aliyeachwa. Nilipokuwa nikimuuguza mke wangu, kuna siku niliacha kutarajia, na siku hiyo ndiyo niliyoweza kumlisha uji bila mkono kutetemeka. Sidhani kama nilikuwa nimeacha kutumaini.

#18 Binti_Saadani

Mwalimu, hapo umenifundisha. Na kuna neno la tatu pia. Yeye hakuandika «eleftheros» kwa namna ya wasomi, aliandika «lefteros», kama wanavyotamka watu wa sokoni na mashambani. Katika zama zake Ugiriki ilikuwa na lugha mbili, ile rasmi ya serikali na ile ya watu, na yeye alipigania ya watu maisha yake yote. Katika utenzi wake alitumia maneno aliyoyaokota kwa wachungaji na wavuvi, hadi wasomi wa Athene wakalalamika kwamba hawayaelewi. Lugha hiyo ilifanywa rasmi mwaka 1976, yeye akiwa amekwisha kufa miaka 19. Sasa «huru» letu linatosha? Pwani, huru ni kinyume cha mtumwa, na kwa Wagiriki wa kale ilikuwa vivyo hivyo.

#19 Kalamu_ya_Makorora

Linatosha, naona. Ila «siogopi» imekaa kana kwamba ni majigambo, na mtu aliyewahi kubusu miguu ile hakuwa akijigamba.

#20 Mwalimu_Korogwe

Nimerudi kwenye kitabu changu chenye mchwa. Kuna mahali msimuliaji anakuta kifukofuko cha kipepeo kwenye gome la mti, kipepeo akiwa ameanza kutoboa. Anaona anachelewa, anakipulizia pumzi ya moto. Kipepeo anatoka mapema, mabawa yamekunjamana, anahangaika kuyakunjua huku yule bwana akizidi kumpulizia, na baada ya muda mfupi anakufa kiganjani mwake. Nimekuwa nikiwafundisha watoto kisa hicho kama somo la subira. Baada ya kuwasoma ninyi nadhani kinahusu tarajio: pumzi ile ya moto ndiyo kutaraji kwenyewe.

Nimechukua penseli yangu, nimeandika «situmaini», kisha nimelifuta. Mwenye neno jingine aniandikie. Nitakuwa hapa jioni.

#21 Baharia_Pireas

Mwalimu, Jumapili ijayo nina safari ya Heraklion. Nitapanda tena pale ngomeni na nitamuuliza mzee yeyote nitakayemkuta namna yeye anavyolielewa neno hilo la kwanza, kisha nitaleta jibu lake hapahapa.